Yapitayo Moyoni na Kalamu Inayoyafuata



Tumeletewa suali na kijana mmoja wa hapa Pwani ambaye riziki yake imempeleka bara. Anakaa Mwihoko, katika Ruiru, kaunti ya Kiambu, ambako wengi wafanyao kazi Nairobi hupanga kwa kuwa kodi za mjini zimewashinda. Yeye ni mwalimu, na zamani alikuwa mtunzi wa mashairi. Asema kwamba tangu ahamie huko moyo wake umekuwa kama abiria aning'iniaye mlangoni mwa matatu ya Githurai: si wa ndani, si wa nje. Akiwa darasani awaza kodi ya nyumba. Akiwa nyumbani awaza darasa. Akisimama kuswali awaza yote mawili, na akitoa salamu hajui amesoma sura gani. Mwaka wa tatu sasa hajatunga hata ubeti mmoja.

Mwalimu mwenziwe akamfundisha dawa. Kila alfajiri akae kimya dakika kumi, macho ameyafumba, aifuate pumzi yake inavyoingia na kutoka. Kisha ashike kalamu aandike dakika kumi nyingine bila ya kuinyanyua, bila ya kufuta, bila ya kusahihisha, wala asijiulize anaandika nini. Akafanya hivyo. Baada ya wiki chache, kwa kauli yake, alianza kuwasikia wanafunzi wake wasemavyo, na beti zikaanza kumrudia. Lakini asubuhi moja aliposoma alichokiandika alikuta mambo yaliyomtisha: maneno ya ghadhabu juu ya baba yake aliyekwisha kufa, shaka katika mambo ya dini ambayo hajapata kuitamka kwa mtu yeyote, na mstari mmoja usemao kwamba amemwacha mkewe. Na huyo mke, asema, wakati ule yumo jikoni akimchemshia chai.

Auliza: Je, kukaa huko si ibada ya watu wengine? Je, yaliyoandikwa yamehesabiwa juu yake? Na je, aendelee au aache?

Tulilisoma suali hili katika darsa yetu, na majibu yaliyopatikana pale pale yalikuwa mawili. Mzee mmoja alisema: hayo ni mambo ya Mabudha, na ayaache leo kabla ya kesho. Kijana mmoja akasema: hii ni elimu ya tiba tu, dini ina nini hapa? Sisi twaona kwamba jibu la kwanza limefanywa kwa haraka, na la pili limefanywa kwa uvivu. Kwani mambo yanayopita moyoni mwa mtu, na namna ya kuyatazama, ni mlango ambao maulamaa wetu wameuingia zamani sana na kuandika juu yake vitabu vikubwa. Na anayesema kwamba dini haina neno hapo, basi hajapata kuufungua hata mmoja.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe, maana watu huliogopa jambo wasilojua litokako. Kukaa na kuifuata pumzi ni desturi ya Mabudha, hilo ni kweli. Lakini mwaka 1979 daktari wa elimu mmoja wa Kimarekani, Jon Kabat-Zinn, alilitia jambo hilo katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyopona, akaliondolea masanamu na nyimbo za ibada, akabakisha kukaa na kutazama tu. Ama kuiachia kalamu, hilo limetoka kwa waandishi. Mwaka 1934 mwanamke wa Kimarekani jina lake Dorothea Brande alitoa kitabu akiwaambia wanaotaka kuandika waamke mapema kuliko ada yao, na kabla ya kusema na mtu wala kusoma gazeti waandike lolote lijalo. Peter Elbow, mwalimu wa chuo, akasema mwaka 1973 maneno kama hayo: dakika kumi, kalamu isisimame. Natalie Goldberg akayaunganisha mawili hayo, ukimya na kalamu, katika kitabu chake cha 1986; na Julia Cameron mwaka 1992 akaweka kiwango, kurasa tatu kila asubuhi. Basi jambo lina historia yake na miaka yake yajulikana. Si siri ya kale, wala si uchawi.

Sasa kanuni. Wanafunzi wetu wote wajua kwamba katika mambo ya kawaida asili ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza, na katika ibada asili ni kujizuia mpaka ipatikane dalili ya kuruhusu. Mtu akikaa kimya dakika kumi hakufanya ibada, kama vile mtu akilala hakufanya ibada, isipokuwa yeye mwenyewe anuie hivyo. Na kwamba jambo limetoka kwa wasiokuwa Waislamu hakulifanyi kuwa haramu. Mwaka wa tano wa Hijra, makabila yalipokuja kuizingira Madina, Salman Al-Farsi (R.A.) alishauri lichimbwe handaki, na huo ulikuwa ujanja wa vita wa Waajemi, watu walioabudu moto. Mtume (S.A.W.) hakuuliza handaki ni la dini gani. Alishika sururu akachimba pamoja nao. Karatasi nayo ilitoka Uchina, nasi tukaandikia Qur'ani.

Lakini akichanganya na ukimya huo maneno ya kuwaomba wasiokuwa Mwenyezi Mungu, au akaitakidi kwamba yeye na ulimwengu na Muumba ni kitu kimoja, hapo mambo yamegeuka, na maneno yetu ya kuruhusu hayamhusu. Aliyetuandikia hakutaja kitu cha namna hiyo, nasi hatumdhanii.

Tumekwisha na hayo. Tuingie katika lililo zito zaidi.

Imamu Al-Ghazali, ambaye kitabu chake cha Ihyaa chasomwa katika darsa za Pwani tangu babu zetu, alipatwa na jambo linalofanana sana na la kijana wetu. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad, mwenye mamia ya wanafunzi, na jina lake limeenea. Mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095, ulimi wake ulifungika. Yeye mwenyewe amesimulia katika Al-Munqidh kwamba alikuwa akijilazimisha kusomesha siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi, na neno lisitoke. Kisha hata chakula hakikupita kooni. Matabibu wakasema kwamba maradhi yameanzia moyoni na hawana dawa. Akauacha ualimu, akatoka Baghdad, akaenda Sham akakaa kiasi cha miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia mlango mchana kutwa. Miaka hiyo ya kujitenga na ya kusafiri ndiyo iliyotuletea Ihyaa, na ndani yake mna kitabu kizima, cha thelathini na nane katika arubaini, juu ya murakaba na muhasaba: mtu kuulinda moyo wake akijua kwamba Mola amwona, na kisha kuifanyia nafsi hesabu. Kabla yake alikuwako Al-Harith Al-Muhasibi, aliyekufa Baghdad mwaka 243 wa Hijra, na hata lakabu yake imetokana na kazi hiyo ya kujihesabu.

Ama kuiachia kalamu, wetu aliyelikaribia zaidi ni Ibn Al-Jawzi, aliyekufa mwaka 597 wa Hijra, 1201. Huyu alikuwa mwenye mawaidha mashuhuri wa Baghdad, na aliandika kitabu alichokiita Saydul-Khatir, maana yake Kuwinda Yapitayo Moyoni. Aliona kwamba mawazo hupita kama mnyama wa mwituni, na asiyemfunga kwa kuandika hamuoni tena. Kitabu hicho hakina milango iliyopangwa. Mara amezungumza juu ya elimu, mara juu ya ndoa, mara ailaumu nafsi yake kwa kupenda chakula kizuri, mara aisamehe, na mara asema jambo ambalo kurasa chache nyuma amesema karibu na kinyume chake. Msomaji apendaye vitabu vilivyonyooka hukasirika nacho. Sisi twakipenda, kwa kuwa ndani yake twamwona mwanachuoni mkubwa jinsi moyo wake unavyokwenda na kurudi kabla hajapanda mimbari.

Basi mzee wetu aliyesema kwamba hayo ni ya Mabudha hakukosea kuhusu pumzi. Amesahau tu kwamba rafuni mwake mna vitabu.

Tuje katika suali la pili, ambalo ndilo lililomnyima kijana usingizi. Maulamaa wamevigawa vinavyopita moyoni madaraja matano. La kwanza ni hajis, kitu kinachotupwa moyoni kikapita papo hapo, kama ndege aliyekatiza dirishani. La pili ni khatir, kitu kilichoingia kikazunguka. La tatu ni hadithun-nafs, pale mtu anapojisemesha: nifanye, nisifanye? La nne ni hamm, moyo umeshaelemea upande mmoja. La tano ni azma, shauri limekatwa. Wamesema kwamba katika maovu manne ya mwanzo mtu hashikwi nayo, na la tano hushikwa. Msingi wake ni Hadithi ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, yenye maana kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zao zawazungumzia, maadamu hawajayatenda wala kuyatamka.

Hapa msomaji mwerevu atatusimamisha. Atasema: huyu hakutamka, lakini ameandika, na mafakihi wana kanuni kwamba maandishi ni kama matamshi. Ndiyo, na kanuni hiyo ni sahihi katika biashara, wasia, na mikataba. Lakini tuitazame katika talaka yenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu akiandika talaka bila ya kuitamka, maandishi hayo ni kinaya. Hayawi talaka ila kwa nia. Akiandika hakunuia kuacha, mkewe ni mkewe. Na kijana wetu, kwa maelezo yake, alikuwa amejifunga asijiulize anaandika nini. Mkono ulikwenda, na kusudio la kuacha halikuwapo. Kwa hiyo twasema, na Mwenyezi Mungu ni mjuzi zaidi, kwamba hapana talaka hapo. Ikiwa katika ukweli wa moyo wake alinuia wakati kalamu ikiandika, hilo sisi hatulijui, na aende kwa kadhi amweleze uso kwa uso, wala asitosheke na waraka huu.

Na ile shaka ya dini iliyomtoka? Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia kwamba wao huona katika nafsi zao mambo ambayo kila mmoja ataona ni makubwa mno kuyasema. Akawauliza kama kweli wameyaona hayo, wakasema ndiyo. Akawaambia kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Wanavyuoni wameeleza kwamba kule kuchukia kwao na kuogopa kuyatamka ndiko imani, si yale mawazo. Kijana aliyetishika na karatasi yake hadi akaandika barua ya kurasa nne kutuuliza, hofu yake imekwisha kumshuhudia.

Lakini sasa kuna jambo ambalo walimu wa kalamu hizi hulisema, nalo ndilo sisi hatukubaliani nalo. Husema kwamba kinachotoka mtu asipojizuia ndicho yeye wa kweli; kwamba adabu, haya na mazoea ni ganda, na chini ya ganda ndimo alimo mwenye nyumba. Kwa hiyo ukiandika upesi bila ya kufuta, umemkamata mwenye nyumba mwenyewe. Maneno haya yamependeza wengi, na khatari yake ni kubwa, kwani kijana akiyaamini atasema: kumbe mimi wa kweli ni yule anayemchukia baba yake, na heshima yote niliyompa miaka thelathini ilikuwa uwongo.

Kwa dalili gani? Kitu kutoka upesi huonyesha kwamba ni chepesi. Hakuonyeshi kwamba ni cha asili. Ukichemsha maziwa, povu ndilo litanguliao. Kila aliyekulia ufukweni ajua kwamba maji yakiupwa hubakisha mchangani vitu vya kila namna: mwani, kaa, kipande cha jahazi, na chupa iliyotupwa na merikebu ambayo hata bendera yake hatuijui. Vyote vimeletwa na bahari, na si vyote vya bahari. Qur'ani imetutajia nafsi yenye kuamrisha maovu, na nafsi yenye kujilaumu, na nafsi iliyotulia. Na wafasiri wengi wamesema kwamba hizi si nafsi tatu bali ni hali za nafsi moja. Ile inayoamrisha ndiyo yenye sauti kubwa, na ndiyo hushika kalamu kwanza. Basi aliyeandika dakika kumi na kuacha amemsikiliza msemaji mmoja tu katika baraza la watatu, kisha akaondoka akidhani amesikia hukumu.

Na yule anayejizuia, kwa nini awe ni mwongo? Mtu aliyeghadhibika akanyamaza kwa kumcha Mungu, kunyamaza kwake ni kitendo chake yeye, tena kigumu kuliko ghadhabu. Ghadhabu ilimjia, kunyamaza alikuchagua. Sisi twaona kwamba alichokichagua mtu chamweleza zaidi kuliko kilichomjia. Kijana alimheshimu baba yake miaka yote hali ya kuwa na uchungu huu kifuani: huo si unafiki, hiyo ni birri, na thamani yake imepanda kwa kujulikana ilichomgharimu.

Kwa hivyo kuna faida gani ya kuandika? Faida ni ile ile ya daftari ya dukani. Al-Ghazali ameifananisha muhasaba na hesabu baina ya washirika wa biashara, nasi wenye maduka twalifahamu hilo upesi. Muuza duka huandika kila kitu: kilichouzwa, kilichooza, na wanaodaiwa ambao hawatalipa kamwe. Kuliandika deni bovu si kuliridhia. Anayeandika faida peke yake ajidanganya, na siku moja atakuta rafu tupu. Lakini pia, anayeandika kutwa na usiku asikae kuhesabu, huyo ana karatasi nyingi na hana biashara. Hapa ndipo murakaba na muhasaba zinapozidi mazoezi ya hao wenzetu: baada ya kuandika kuna kusoma, na baada ya kusoma kuna kuuliza, hili nalo limetoka wapi? Kijana aulize: uchungu huu juu ya mzee wangu ni wa nini? Huenda kuna haki aliyonyimwa, aisamehe. Huenda kuna deni la baba, alilipe. Na juu ya mke, huenda hakuna ila uchovu wa mtu atokaye nyumbani usiku na kurejea usiku, na uchovu haupigiwi talaka.

Tumeulizwa pia juu ya kuhudhuria, yaani moyo kuwa pale mwili ulipo. Twaambiwa: ikiwa mtu husimama mbele ya Mola wake mara tano kila siku, kwa nini ahitaji pumzi za watu wa mbali? Suali hilo ni zuri, na wengi wetu tukisema kweli tutainamisha vichwa. Lakini tusimcheke kijana. Hanzala, ambaye alikuwa miongoni mwa waandishi wa Mtume (S.A.W.), alitoka siku moja akisema kwamba amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa kwa Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho, na akirudi kwa wake na watoto na mashamba husahau mengi. Abubakar (R.A.) akasema kwamba na yeye yampata hayo hayo. Na Mtume hakuwaambia kwamba wamepotea. Aliwaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile Malaika wangewapa mikono njiani, lakini huwa saa hivi na saa vile. Kusahaulika kwa moyo ni jambo la watu wema pia. Mtu akipata zoezi la kumsaidia kuukusanya moyo kabla ya takbira, hatuoni la kumkataza, ila asilitie ndani ya sala wala asiliite Sunna.

Tunalo neno moja katika mlango huu, nalo ni juu ya nia. Wapo wanaotafuta ukimya ili wapate kitu cha kuandika. Humsikiliza mwana ili wapate shairi. Huitazama maiti ya jirani ili wapate mlango wa kitabu. Huyo asikilizaye mwanawe ili apate shairi, hamsikilizi. Amekaa naye kama mvuvi akaavyo na bahari. Ajabu ni kwamba hata shairi lenyewe mara nyingi humkimbia, au humjia limechujuka. Kuhudhuria kukifanywa chombo cha kuzalishia hakubaki kuhudhuria. Walimu wa sanaa hiyo waahidi mambo mawili kwa mpigo, utulivu na utunzi. Sisi twasema, utafute wa kwanza kwa ajili yake, na wa pili ukija uupokee.

Tutoe mfano ulio karibu na nyumba ya kijana wetu. Kutoka Mwihoko, ukivuka barabara kuu ya Thika ukaelekea magharibi, si mwendo mrefu kulifikia gereza la Kamiti. Humo alifungwa kijana mwingine wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa mwaka 1946. Alikamatwa Disemba 1968 kwa ajili ya karatasi aliyoiandika iitwayo Kenya: Twendapi?, akahukumiwa mwaka uliofuata, na alifungwa mpaka mwaka 1972. Aliwekwa peke yake. Hakuutafuta ukimya, alifungiwa ndani yake. Akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatolewa na Oxford mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakapata Tunzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Miaka michache baadaye, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya ya Kikikuyu katika gereza lile lile na juu ya karatasi za namna ile ile.

Hatuutaji mkasa huu ili kusifu jela. Jela haisifiwi, na waliovunjika humo ni wengi kuliko waliotunga. Twautaja kwa sababu nyingine. Mashairi ya Abdilatif hayakuandikwa kwa kuiachia kalamu. Yana mizani na vina, mshororo baada ya mshororo, kama alivyoyapokea kwa wazee wake. Mtu aliyenyimwa kila uhuru alijifunga mwenyewe kamba nyingine, kamba ya bahari ya ushairi, na ndani ya kamba hiyo akapata nafasi ya kusema. Na kabla yake kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alikaa na moyo wake akausemesha katika Al-Inkishafi, akiyatazama magofu ya mji uliokuwa na taa na mito ya hariri. Hiyo ni muhasaba ya Kiswahili halisi, moyo umewekwa mbele ukaulizwa maswali. Na kila ubeti una mistari minne, kila mstari mizani kumi. Muyaka bin Haji pale Mombasa alijibizana na watu kwa mashairi, na kujibizana huko kulikuwa zoezi la ulimi ambalo leo watu walitafuta kwa saa ya kuhesabia dakika.

Basi twamwambia mtunzi: kalamu iliyoachiwa itakupa mchanga na mawe na chokaa, na hiyo ni neema kwa aliyekaa miaka mitatu hana hata jiwe. Usiutoe mchanga ukauita nyumba. Wako siku hizi wanaotoa, na wasomaji huombwa walale humo.

Tumalizie na mambo mawili ambayo hayafai kuachwa. Kwanza, dawa hii si ya kila mtu. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenziwe walitoa matokeo ya kuwataka wanafunzi waandike dakika kumi na tano kwa siku nne mfululizo juu ya mambo mazito yaliyowapata. Walioandika yaliyotokea pamoja na walivyoyahisi walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Majaribio mengi yamefanywa tangu hapo, na kwa jumla faida imeonekana kuwa ipo lakini ni ndogo, na wengine hawaipati. Na katika kukaa kimya, wapo ambao hofu huwazidia badala ya kupungua. Khasa twawaonya wenye wasiwasi, wale warudiao udhu mara kumi na wasioamini kwamba wametia nia. Hao wasiandike kila kipitacho. Ibn Hajar Al-Haytami, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu, alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu kwamba ni kuupuuza kabisa, kwani ukisikilizwa huzidi. Kumpa mwenye wasiwasi daftari ni kumpa mwizi ufunguo. Na aliyelemewa na huzuni hadi hataki kuishi, huyo aende kwa daktari na kwa watu wake, siku hiyo hiyo.

Pili, ni karatasi zenyewe. Imamu Nawawi ameeleza kwamba kusengenya huwa kwa ulimi, na kwa kuandika, na hata kwa ishara. Uliloandika juu ya jirani likasomwa na mwingine limekuwa ghiba hata kama hukukusudia lisomwe, ikiwa ulizembea ukaliacha mezani. Zaidi ya hayo mke asije akasoma mstari ule bila ya kujua ulivyoandikwa, kwani fatwa yetu ya kinaya haitamfuta machozi. Kwa hiyo ukikwisha kuzihesabu, na ukatoa humo ubeti wako au toba yako, karatasi zilizobaki uziondoe. Na kwa kuwa kalamu iliyoachiwa hutaja jina la Mwenyezi Mungu pasi na kujua, usizitupe jaani. Uzichome moto, kama maulamaa wanavyoruhusu kwa karatasi zenye majina matukufu.

Kijana aliuliza pia juu ya kusoma nyiradi kwa kuhesabu pumzi, na kama yafaa kufanya ukimya huo kwa jamaa, watu wengi katika chumba kimoja. Haya yana maneno yake na khitilafu zake, nasi tutayaeleza katika waraka ujao, Inshaallah.